Askari wa Maji na Kazi ya Kusema Kweli

 Leo tutasema juu ya askari ambaye kazi yake si kupiga risasi. Ni afisa wa jeshi la maji anayetumwa kusema na raia na kupatanisha kazi za majeshi ya nchi mbalimbali. Pengine mama mmoja atauliza: hayo yananihusu nini mimi ninayelala na watoto chini ya turubai? Sikilizeni.

Mji wetu unajua vita. Toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa siku sita. Mabomu yalianguka juu ya nyumba, makanisa na shule, na mamia ya raia wakafa. Tarehe 16 Juni, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1304, liliyataka majeshi hayo yatoke Kisangani. Lakini mto, barabara yetu ya zaidi ya kilometa 1,700 mpaka Kinshasa, ulikuwa umekatwa na mstari wa vita. Upande wa chini walikuwa askari wa Serikali, na hapa mjini kwetu walikuwa wa RCD-Goma.

Mwaka 2001 MONUC ilileta askari wa Moroko hapa mjini, na mabaharia wa Uruguay wakaja kulinda safari za majini. Wa Moroko walisema Kiarabu na Kifaransa, wa Uruguay Kihispania, nasi tunasema Kiswahili na Lingala. Basi fikirini: mashua yenye bunduki inapanda mto. Kama hakuna aliyetangulia kutoa habari, mlinzi wa kando atadhani ni adui, naye atapiga.

Hapo ndipo kazi ya afisa wa uhusiano inaonekana. Ujanani alijifunza mashua, bendera na ishara za majini. Baadaye akajifunza lugha na desturi za majeshi mengine. Mbele ya safari anajulisha pande zote: siku gani, mashua ngapi, bendera gani, mzigo gani. Hawezi kumwamuru askari wa nchi nyingine. Nguvu yake ni moja tu, kuaminiwa. Akisema uwongo mara moja, mara ya pili hakuna atakayemsikiliza, hata akileta habari ya kuokoa watu.

Kazi yake ya pili ni kusema na raia. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Tarehe 14 Mei 2002, askari walioasi RCD-Goma walishika redio hapa Kisangani, wakachochea watu juu ya Wanyarwanda. Watu waliuawa. Kisha RCD-Goma ilirudisha mji mikononi mwake na kuua raia na askari wengi; maiti zikatupwa katika mto Tshopo. Mwaka ule ule, tarehe 25 Februari, Redio Okapi ilikuwa imeanza kutangaza habari kwa lugha zetu. Chombo ni kile kile. Tofauti ni maneno yanayopitishwa ndani yake.

Ninyi mliokimbia Lubunga tangu mwaka 2023, juu ya mapigano ya Wambole na Walengola kwa ajili ya ardhi, mnajua uvumi unavyotangulia panga. Kwa hiyo, wakubwa wa mitaa, afisa akija kwenu, mwulizeni kwa heshima: Je, umeona mwenyewe au umeambiwa? Ni wapi, na lini? Tukiona hatari, tumwendee nani? Utarudi siku gani na jibu?

Afisa anaweza kunyamaza juu ya njia ya mashua zake, maana anawalinda watu walio ndani. Huko si kudanganya. Lakini kusema hakuna aliyekufa, na huku jamaa wanazika, huko ni kudanganya, na amani haijengwi juu yake.

Nanyi jamaa mliohama, mkiona hatari, semeni mliyoyaona: watu wangapi, wapi, saa ngapi. Msitie kosa la mtu mmoja juu ya kabila lake lote. Na habari ambayo hamkuihakikisha, iacheni iishie kwenu, isivuke mto.

Kila mmoja wetu ni msemaji nyumbani mwake. Watoto wanasikiliza.