Nidhamu Huanza kwa Kusikilizana



Mwezi wa Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, kwa jirani zetu wa Machakos, bweni liliteketea usiku, wakafa wavulana 67. Wanafunzi wawili walishtakiwa. Kabla ya moto ule palikuwa na manung’uniko shuleni.

Mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku fimbo mashuleni. Wako wasemao kwamba tangu hapo adabu imepotea. Lakini fimbo ilikuwako miaka mingi, wala haikuyaponya manung’uniko. Ilinyamazisha vinywa tu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sisi Wakamba tunao mwethya. Watu hukutana, husemezana, hupatana, ndipo hushika majembe. Desturi hiyo yafaa kuingia shuleni. Naomba basi mambo matatu. Kwanza, kila muhula liwepo baraza la wanafunzi na walimu, na mzee mmoja awe shahidi. Pili, mtoto asemaye kwa adabu asiadhibiwe kwa maneno yake, bali apewe jibu, hata likiwa ni la kukataliwa. Tatu, nasi nyumbani tumwulize mtoto habari za moyo wake kabla ya kumwuliza alama zake.

Mtoto aliyezoea kusikilizwa hujifunza kuzuia hasira yake na kusikiliza wengine. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji subira yetu.