Simu Zetu na Sauti Zetu
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilii ya Miaka 50





Kamati iliponiomba niseme machache kuhusu teknolojia na uimbaji, mzee mmoja wa besi alinivuta kando akaniambia, "Katibu, sema ukweli, lakini simu zetu tuachie." Mzee, usiwe na wasiwasi. Bila simu, kwaya hii leo ingebaki na watu kumi na wawili.

Sababu mnaijua. Waanzilishi wetu waliishi umbali wa kuitana. Huu ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli, chumba kikiegemea chumba, na mazoezi yalipoanza, aliyekuwa bado jikoni alisikia wimbo na kujua kwamba amechelewa. Kuna watu hapa walioijua besi wakiwa watoto kwa kumsikia baba akiifanyia mazoezi upande wa pili wa ukuta, bila kufundishwa na mtu. Sasa majirani wetu wengi wa nyumba zile wamehama ili kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Waimbaji wetu wako Utawala, Ruai, Githurai, Kitengela. Kuna dada yetu mmoja wa alto ambaye hupanda matatu mbili kuja na mbili kurudi, na siku ya mvua nauli hupanda kabla yeye hajapanda.

Kwa hivyo tunakutana kwenye WhatsApp. Mwalimu hurekodi soprano, alto, tena na besi, kila moja peke yake, kisha hututumia jumbe nne za sauti. Huyu anasikiliza akipanga nyanya sokoni, yule anasikiliza akiwa zamu ya usiku Industrial Area. Jumamosi ikifika, kila mtu anaijua sehemu yake. Utaratibu huu tuliuanza mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona. Mnakumbuka Julai ya mwaka huo yalipofunguliwa: ibada ya saa moja, watu wasiozidi 100, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Sharti hilo la umri lilituondolea nusu ya besi kwa mpigo mmoja!

Wakati huo tulijaribu pia kuimba pamoja kwa Zoom. Waliokuwepo wanacheka hadi leo. Kosa halikuwa letu. Sauti inayopita kwenye intaneti hufika ikiwa imechelewa sehemu ndogo ya sekunde. Katika mazungumzo hutaona tofauti, lakini katika wimbo kila mmoja humngoja mwenzake, naye mwenzake anakungoja wewe, mpaka wimbo unakokota miguu na kusimama. Hata ile kwaya maarufu ya mtandaoni ya Mmarekani Eric Whitacre, iliyowakusanya waimbaji 185 kutoka nchi 12 mwaka 2010, haikuimba kwa wakati mmoja. Kila mtu alijirekodi peke yake nyumbani, kisha mafundi wakaziunganisha sauti.

Na hapo ndipo pana jambo ninalotaka tulitazame. Kila mtu alijirekodi peke yake. Sisi nasi tumeanza kujifunza kila mtu peke yake, na Jumamosi inaonyesha. Zamani mtu alikuja hajui sehemu yake, akaipata kwa kumsikiliza aliye kando yake. Siku hizi anakuja anaijua kabisa, na kwa kuwa anaijua, hamsikilizi mtu. Nimeketi kati ya alto kwa miaka mingi na nawaambia nilichokisikia: sauti nne zilizo sahihi, kila moja ikiimbia simu yake.

Jambo la ufunguo ni dalili nyingine. Wazee wetu walifundishwa kwa solfa. Solfa ilianzishwa na mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaieneza katika karne ya 19, nao wamishonari wakaileta Afrika. Ilipendwa kwa sababu ilihitaji herufi za kawaida tu. Ubao na chaki vilitosha, hata pasipo kinanda. Na katika solfa, do huhama. Mwalimu akiona asubuhi ya baridi ya Julai kwamba makoo yameganda, anaishusha do, na wimbo wote unashuka nayo. Lakini ujumbe wa sauti una do moja tu, ile ya Jumanne usiku mwalimu aliporekodi. Mara ngapi mwaka huu ametupa ufunguo wa chini, na kufikia ubeti wa pili tumepanda tena hadi ufunguo wa simu?

Katika kusikiliza pia mambo yamegeuka. Redio kaseti moja ililisha safu nzima ya nyumba. Jumapili mlango wa mwenye televisheni ukiwa wazi, wote walipata Sing and Shine au Joy Bringers ya KBC. Kaseti za kwaya za Tanzania, kama AIC Makongoro ya Mwanza na AIC Chang'ombe ya Dar es Salaam, ziliazimwa nyumba kwa nyumba hadi zikachuja. Leo wimbo unatoka Kahama na kufika Makongeni siku hiyo hiyo. Zabron Singers ni watu wa Kahama, na "Mkono wa Bwana" tuliupata kwa simu. Mwaka 2022 waliimba Kasarani siku ya kuapishwa kwa Rais. Hiyo ni baraka, na siitaki kaseti irudi. Lakini kila mmoja anasikiliza kwa visikizio vyake, na mtoto aliye chumba kimoja nawe hajui unasikiliza nini.

Sasa nije kwenye studio, kwa sababu vijana wananingoja hapo. Tuliporekodi mara ya mwisho, prodyusa alitwambia tuimbe kiitikio mara moja tu, kisha akakinakili na kukibandika mahali pa viitikio vingine. Sikilizeni vizuri rekodi hiyo: kuna mtu wa tena anayevuta pumzi kwa nguvu mahali pale pale, mara tatu. Kisha sauti zikanyooshwa kwa kompyuta. Programu ya kunyoosha sauti, Auto-Tune, ilitoka mwaka 1997, na aliyeiunda, Andy Hildebrand, alikuwa amefanya kazi ya kutafuta mafuta ardhini kwa mawimbi ya sauti. Naistahi akili yake. Lakini kiitikio cha tatu cha mama zetu hakilingani na cha kwanza, na hakipaswi kulingana. Kufikia hapo wameshachangamka, mmoja amefunga macho, mwingine ameongeza kigelegele ambacho hakikuandikwa popote. Hicho ndicho kilichofutwa.

Kamati imepokea maoni mawili kuhusu mfuko wa jubilii: kununua kibodi mpya, au kutoa albamu ya video tuiweke YouTube. Kibodi tuliyonayo inapiga. Kuhusu YouTube, mniruhusu nifanye hesabu kidogo, maana mwalimu haachi chaki. Kwa video za kawaida, ili upate mgao wa matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wimbo wetu wa dakika 5 utahitaji kutazamwa hadi mwisho mara 48,000. Sisemi haiwezekani, Kahama wameonyesha. Nasema tusiuweke mfuko wote hapo tukingoja.

Maoni yangu, na najua hayatawapendeza wote, ni kwamba fedha hizo zianze na nyimbo za wazee wetu. Mwalimu na mimi tumehesabu nyimbo kumi na nne zilizotungwa na waimbaji wa kwaya hii ambazo hazikuandikwa kamwe. Tatu kati ya hizo zinajulikana zote na mtu mmoja tu, naye ana miaka themanini na miwili. Kisheria pia tuko wazi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 hailindi wimbo ulio kichwani. Lazima uwe umeandikwa, umerekodiwa au umewekwa katika umbo fulani linaloshikika. Wimbo wetu mmoja wa harusi tayari unaimbwa YouTube na watu tusiowajua, na jina la mtunzi limekaa tupu. Mama aliyeutunga yuko hapa leo, safu ya pili.

Kazi yenyewe si ghali, na simu ndiyo itakayoifanya. Jumamosi mbili baada ya jubilii, waanzilishi wataketi ofisini kwa chai na kuimba bila kibodi na bila biti. Vijana wawili watarekodi, simu ikiwa juu ya leso iliyokunjwa mezani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya magari ya Jogoo Road. Hakuna kunyoosha, hakuna kukata. Mwalimu ataziandika kwa solfa, nasi tutazichapisha kitabu. Nakala moja itakaa kwenye kompyuta ya kanisa, nyingine kwenye flashi kwa mweka hazina, na kitabu kitapewa kila nyumba, maana flashi zetu tunazijua. Sehemu itakayobaki ya fedha ilipie nauli ya wanaotoka mbali, angalau mazoezi moja kwa mwezi, na siku hiyo simu zote zitaingia kwenye kikapu mlangoni. Jumbe za sauti zitaendelea siku nyingine zote.

Mwisho ni tangazo. Mwenye kaseti yoyote ya kwaya hii nyumbani, hata isiyo na jalada, ailete kwangu kabla ya Jumapili ijayo. Tafadhali usiijaribu kwanza kwenye redio kuukuu kuona kama bado inaimba, kwa sababu redio hizo hula utepe. Kama utepe umetoka nje, usiuvute. Uache hivyo hivyo, uifunge kwa karatasi, na uandike jina lako juu.