Mbegu ya Muhogo Huchaguliwa Wakati wa Mvua

Maneno kwa wakulima wa Fizi na Baraka

Enyi baba na mama wa Fizi na Baraka, twataka kusema nanyi habari za muhogo. Huko Misisi watu huchimba dhahabu, lakini dhahabu hailiwi. Mchimbaji akitoka shimoni jioni hutaka ugali na sombe, na vyote viwili hutoka katika mti mmoja. Mti huo ukiugua, kijiji hukosa chakula, na kambi nayo hukosa.

Uko ugonjwa wa muhogo uletwao na bakteria, ndio vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ulijulikana kwanza Brazili mwaka 1912. Katika miaka ya 1970 uliharibu mihogo mingi ya nchi hii, wakati ilipoitwa Zaire, na watu wa Bandundu waliona njaa. Mwaka 1974 ulianzishwa mpango wa muhogo ulioitwa PRONAM.

Mtaujuaje? Tazameni majani mvua zinaponyesha. Mtaona madoa yenye pembe, kana kwamba yameloa maji. Liinueni jani juani, yataonekana vizuri. Kisha madoa hugeuka kahawia, majani hunyauka, gundi hutoka katika shina changa, na mti hufa kuanzia nchani. Msiuchanganye na mozaiki: mozaiki hukunja majani na kuyatia manjano, lakini mti haunyauki.

Sasa shikeni neno hili. Kiangazi kikija, madoa hayaonekani tena, maana majani mengi yamepukutika. Mti mgonjwa waweza kufanana na mzima, na vidudu vingali ndani ya shina. Mtu akikata mbegu mwezi wa tisa kwa kutazama shina tu, aweza kupanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Na mzigo wa mbegu uliokuja kwa gari au kwa mtumbwi, ni nani aliyeyaona majani yake?

Basi fanyeni hivi:

1. Mwezi wa tatu au wa nne, mvua zingali zikinyesha, piteni shambani. Miti isiyo na doa ifungeni kamba. Siku ya kupanda, kateni hiyo peke yake.

2. Kateni sehemu ngumu ya chini. Tazameni ndani ya kila kipande. Chenye mistari ya kahawia kitupeni motoni.

3. Mbegu ya mgeni pandeni mahali pa peke yake, mbali na shamba lenu, mpaka mvua zionyeshe majani yake.

4. Panga lililokata mti mgonjwa lipitisheni motoni. Msifanye kazi katika mihogo majani yakiwa yameloa.

5. Mabaki ya mihogo migonjwa yachomeni, kisha pandeni mahindi au karanga kabla ya kurudisha muhogo.

Labda mtauliza, “Je, hakuna dawa ya kunyunyiza?” Hakuna ifaayo kununuliwa. “Na mizizi ya mti mgonjwa yaliwa?” Yaliwa, kama haikuoza, nanyi muitengeneze kama desturi yenu. Vidudu hivi havimdhuru mtu.

Kamba ya mgomba yatosha kufunga mti mmoja, wala haina bei. Ifungeni kabla mvua hazijakatika.