Kuvunja Mkataba wa Kazi za Nyumbani Ughaibuni Kabla ya Muda: Deni la Gharama za Ajira na Wajibu wa Wadau wa Arusha na Arumeru

1.0 Ufafanuzi wa istilahi

Mkataba wa muda maalumu ni makubaliano ya kazi yenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na kwa wafanyakazi wa nyumbani waendao Oman na Falme za Kiarabu muda huo kwa kawaida ni miaka 2. Kafala ni utaratibu unaofunga kibali cha ukaazi cha mfanyakazi kwa mwajiri wake, yaani kafili. Hapa Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) humruhusu mwajiriwa wa mkataba wa muda maalumu kujiuzulu endapo mwajiri ameukiuka kwa kiwango kikubwa, au endapo pande zote zimeafikiana.

2.0 Tatizo la msingi

Kinachomzuia mfanyakazi kuondoka, mara nyingi, ni fedha. Mwajiri humlipa wakala tiketi, viza na kamisheni kabla binti hajapanda ndege. Binti anapoomba kurudi kwa sababu ya kunyimwa mshahara, kupigwa au kukosa mapumziko, huambiwa arudishe kwanza gharama hizo, ilhali pasipoti yake imefungiwa kabatini tangu siku aliyofika. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017, iliyotokana na mahojiano yaliyohusisha wanawake 50 wa Kitanzania, ilieleza mwenendo huohuo. Anayetoka bila ridhaa ya kafili huripotiwa kuwa ametoroka, na mlalamikaji hugeuka mtuhumiwa.

Mzigo hauishii Muscat, kwani simu hupigwa Usa River au Ngaramtoni, huku Arumeru, na wazazi hulazimika kuuza ng'ombe au kukata kipande cha kihamba (shamba la familia) ili mtoto wao aachiwe. Deni hilo halina msingi, kwa kuwa mfanyakazi hakukopa chochote: malipo ni ya mwajiri na wakala wake. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa 2011 unataka mfanyakazi wa nyumbani abaki na hati zake za kusafiria (kifungu cha 9) na ada za wakala zisikatwe kwenye ujira wake (kifungu cha 15). Pamoja na tahadhari inayostahili katika kuzungumzia sheria za nchi nyingine, lazima isemwe wazi kwamba kumdai aliyekimbia kipigo nauli iliyomfikisha kwenye kipigo hicho ni dhuluma.

3.0 Mapendekezo

(i) Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) usiidhinishe mkataba usioeleza kwa Kiswahili masharti ya kujiuzulu.

(ii) Kila mkataba utamke kwamba gharama za ajira hazidaiwi kwa mfanyakazi wala kwa familia yake.

(iii) Wakala wa ajira aweke dhamana ya fedha inayotosha nauli ya kurudi.

(iv) Balozi za Muscat na Abu Dhabi zipewe nakala za mikataba mapema, na zidai pasipoti zilizozuiwa.

(v) Wasaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wausome mkataba pamoja na msafiri, na nakala ya mkataba, ya pasipoti na namba ya wakala zibaki nyumbani.

(vi) Ofisi za vijiji na kata, makanisa na misikiti ziwahimize wazazi kutouza mali kabla ya kupata ushauri.

(vii) Kwa msisitizo, pendekezo la (ii) litangulie mengine yote, kwa sababu haki ya kujiuzulu inayonunuliwa kwa shamba la mzazi haimlindi mfanyakazi.