Mashtaka isiyoandikwa njo inakufa



Tarehe 1 Juni 2010, Floribert Chebeya aliitwa kwenye makao makuu ya polisi, Kinshasa. Alienda na dereva wake, Fidèle Bazana. Kesho yake Chebeya akakutwa amekufa ndani ya gari. Maiti ya Bazana haijapatikana mpaka leo.

Hata Mei 2022, kisha miaka karibu 12, Korti Kuu ya Jeshi ilikuwa ingali inatoa hukumu. Kwa nini dosie haikufa? Juu familia na watetezi wa haki za binadamu hawakuchoka kuidai.

Sasa wewe uliyepigwa fimbo barabarani, karatasi yako iko wapi?

Kwetu polisi anahukumiwa na mahakama ya jeshi: Katiba, kifungu 156. Lakini kifungu 20 kinataka kesi isikilizwe mbele ya watu, na kifungu 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Basi tunadai rejista ya mashtaka iliyo wazi: nani alishtakiwa, lini, dosie imefika wapi. Kwa Chicago, Marekani, korti iliamua 2014 kama dosie za namna hiyo ni za raia wote. Na sisi?

Tusingoje. Ukipigwa, ukinyang'anywa simu, andika siku, saa, mahali, namba ya jipu. Peleka kwa oditora wa jeshi, omba muhuri kwenye kopi, uichunge. Kopi ingine utuletee.

Watasema "mambo imeisha". Bila karatasi, njo imeisha kweli. Tuandike!