Kazi Hukabidhiwa, Dhamana Hubaki



Lidcombe ni kitongoji kilichoko magharibi ya jiji la Sydney, nchini Australia. Ni njia panda ya reli: hapo ndipo abiria waendao Olympic Park, palipofanyika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000, hubadilisha treni. Kama ilivyo katika vitongoji vingi vya jiji hilo, mitaa yake ina mikahawa, maduka ya dawa, ofisi za wahasibu na karakana. Takwimu za serikali ya Australia zinaonyesha kwamba katika kila biashara 100 nchini humo, zaidi ya 97 zina wafanyakazi wasiofikia 20.

Leo ni taabu kuipata biashara ya namna hiyo isiyotegemea kompyuta. Hesabu, orodha ya wateja, miadi na malipo ya kadi, vyote vimo humo. Lakini mhasibu mwenye wafanyakazi sita hawezi kumwajiri mhandisi wa kompyuta kwa mshahara wa mwezi mzima, ilhali kazi yenyewe huenda ni ya saa chache tu. Kwa hiyo huikabidhi kazi hiyo kwa kampuni ya nje.

Makubaliano huwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kumwita fundi pale kitu kinapoharibika na kumlipa kwa saa. Ya pili ni kulipa ada maalumu kila mwezi kwa kila kompyuta au kila mfanyakazi, na kampuni huahidi kuzilinda mashine zisiharibike. Tofauti si ya bei pekee. Fundi anayelipwa kwa saa hupata riziki pale mambo yanapokwenda kombo. Anayelipwa kwa mwezi hunufaika mambo yakiwa shwari. Ndiyo maana njia hii ya pili imepata wafuasi wengi. Hata hivyo, utulivu unaweza pia kuficha uzembe: kampuni isiyofanya lolote na kampuni inayofanya kazi vizuri hufanana sana machoni pa mteja, hadi siku ya msiba.

Ili kuhudumia wateja wengi kwa mafundi wachache, kampuni hizi huweka katika kila kompyuta programu inayomwezesha fundi kuiingia na kuirekebisha akiwa mbali. Hapo ndipo penye nguvu ya biashara hii, na hapo hapo ndipo penye hatari yake. Mlango mmoja unaofungua nyumba mia, akiupata mwizi, humfungulia nyumba zote mia.

Jambo hilo lilidhihirika tarehe 2 Julai 2021. Wadukuzi walitumia kasoro iliyokuwamo katika programu ya kampuni ya Kimarekani ya Kaseya, iliyokuwa ikitumiwa na makampuni ya kuhudumia kompyuta za wengine. Walizifunga data za wateja na kudai kikombozi. Kaseya yenyewe ilikadiria kuwa biashara zilizoathirika zilikuwa kati ya 800 na 1,500, nyingi zikiwa ndogo. Nchini Sweden, maduka yapatayo 800 ya Coop yalifunga milango kwa sababu mashine za kupokelea fedha zilikwama. Coop haikuwa mteja wa Kaseya. Programu hiyo ilitumiwa na kampuni iliyozihudumia mashine zake.

Je, basi biashara ndogo ziache kutafuta msaada wa nje? La, hasha. Mhasibu anayejaribu kuilinda kompyuta yake peke yake, bila ujuzi, yumo katika hatari kubwa zaidi. Ila wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yapo mambo matatu ambayo mwenye biashara hapaswi kuyaachia mikono ya mwingine.

La kwanza ni funguo. Maneno ya siri ya msimamizi mkuu yahifadhiwe pia na mwenye biashara, mahali salama. Na anwani ya tovuti, ambayo pia hubeba barua pepe za biashara, iandikishwe kwa jina la biashara, si kwa jina la fundi. Pasipo hivyo, siku mtakapoachana, utajikuta unaomba ruhusa ya kuingia dukani mwako.

La pili ni nakala za akiba. Australian Signals Directorate, idara ya serikali inayoshughulikia usalama wa mitandao, imeziweka nakala hizo miongoni mwa hatua nane za msingi za kujilinda. Nakala moja ikae mbali na mtandao wa ofisi, kwani virusi vinavyofunga data hufunga na nakala vinazozifikia. Wala haitoshi kuambiwa kwamba nakala zipo. Mtake fundi akurudishie faili moja mbele ya macho yako. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La tatu ni mkataba wa maandishi unaotaja muda wa kuitika wito, kazi zisizomo katika ada, na namna ya kukabidhi kila kitu mkataba ukifika mwisho.

Mambo haya yanamhusu pia msikilizaji aliyeko Mombasa au Dar es Salaam. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayempa mwingine kazi ya kushughulikia data za watu afanye naye mkataba wa maandishi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tena, Afrika Mashariki ina tahadhari yake ya ziada. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za eneo hilo. Siku kama hiyo fundi wa mbali huenda asiweze kukufikia. Yafaa mkataba useme ni nani atakayekuja kwa miguu yake, na kazi itaendeleaje hadi afike.

Mteja aliyekuachia jina lake, namba yake ya simu na hesabu zake hamjui fundi wako, anakujua wewe. Data zake zikipotea, ni mlangoni pako atakapobisha hodi. Swali la kumwuliza fundi, kabla ya lile la bei, ni hili: siku ukiondoka, mimi nitabaki na nini mkononi?