Nchi Nne, Alama Moja



Kati ya mwaka 1967 na 1973, kampuni ya IBM ilikusanya madodoso zaidi ya 100,000 kutoka kwa wafanyakazi wake duniani. Mholanzi Geert Hofstede aliyachambua, na mwaka 1980 akatoa kitabu kilichozipa nchi alama kama za mtihani, miongoni mwa mengine: wapi mdogo hathubutu kumpinga bosi, wapi mtu hujitanguliza mbele ya ukoo, wapi watu hawana raha na mambo yasiyotabirika. Katika kumtanguliza mtu binafsi, Marekani iliongoza kwa 91.

Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia, zilizokuwa na wahojiwa wachache, ziliunganishwa zikaitwa Afrika Mashariki. Zikapata 27.

Miaka hiyohiyo Tanzania ilikuwa imetoka kutangaza Azimio la Arusha na ikihimiza vijiji vya ujamaa. Kenya, jirani yake, iliwamilikisha wananchi mmojammoja mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Ethiopia ilikuwa bado chini ya Mfalme Haile Selassie, aliyepinduliwa mwaka 1974. Wote hao alama moja! Tena waliojibu ni waajiriwa wa kampuni ya kompyuta. Mvuvi wa Pemba na mfugaji wa Turkana hawakuulizwa kitu.

Kazi ile haikuwa bure. Hofstede mwenyewe alionya kwamba alama hizo ni za jamii, si za mtu mmoja, onyo ambalo semina za menejimenti hulisahau mapema mno.

Michael Bond, mwanasaikolojia aliyefundisha Hong Kong, alianzia kwingine. Aliwaomba wasomi wa Kichina wataje maadili wanayoyaona ya msingi, akatunga dodoso la vipengele 40. Wanafunzi wa nchi zaidi ya 20 walipolijibu, matokeo ya mwaka 1987 yalionyesha kipimo ambacho dodoso la IBM halikukigusa: ustahimilivu, kubana matumizi, kutazama mbali. Hofstede akakiongeza kwenye vipimo vyake, kikawa cha tano.

Wahitimu, dodoso la IBM liliuliza habari za kazini. Halikuuliza nani hucheza upatu na nani, nani anaruhusiwa kumtania nani msibani, wala chama cha kufa na kuzikana humfuta mwanachama kwa kosa gani. Tungeni maswali hayo, myajaribu Kondoa na Kisumu, kisha mchapishe majibu.